Homa Siku ya Sabato

Jumatano

Soma Marko 1:21–34. Watu wa nyumba ya Simoni walifanya nini mgonjwa wao alipopata homa? Watu wa mji walifanya nini, na saa ngapi?

Ilikuwa Sabato. Yesu alikuwa ametoka tu katika sinagogi la Kapernaumu, na nyumbani kwa Simoni mama mkwe wake alikuwa kitandani. Luka, aliyekuwa tabibu, anaandika kwamba homa ile ilikuwa kali (Luka 4:38). Watu wa nyumba walimwambia Yesu mara. Watu wa mji walingoja mpaka jua lilipokuchwa ndipo wakaleta wagonjwa wao. Yesu aliwapokea hao pia, lakini walikuwa wameteseka mchana kutwa kwa kuhofia kuivunja siku ambayo Bwana wa Sabato alikuwa ameshaitumia kumwinua mgonjwa.

Hili linatuhusu. Katika vijiji vingi vya Bahi, Chamwino na Mpwapwa zahanati iko mbali, na mvua ikinyesha korongo likajaa, hata bodaboda haivuki. Mtoto akianza kuchemka Ijumaa usiku ni rahisi kusema, “Tuombe, Jumapili tutampeleka.” Tuombe, naam, lakini tukiwa njiani.

Soma Yohana 4:46–53. Baba huyu aliondoka Kapernaumu wakati gani: kabla mtoto hajazidiwa, au akiwa karibu na kufa?

Yako mambo ya kufanya nyumbani. Mpunguzie mtoto nguo, hata usiku wa Juni upepo wa Dodoma unapouma; kumfunika mablanketi mawili huzidisha joto. Mnyonyeshe mara kwa mara, au mpe maji yaliyochemshwa na uji mwepesi kidogo kidogo. Sisi Waadventista twapenda tiba ya maji, na kitambaa cha maji ya vuguvugu humpa nafuu ya muda. Akianza kutetemeka, acha. Maji ya baridi na spiriti visitumike kamwe. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku nzima. Mtoto wa kilo 10 hupewa miligramu 100 hadi 150. Soma chupa, maana dawa za maji hazilingani nguvu. Aspirini si ya watoto.

Parasetamoli hushusha joto tu, haiondoi ugonjwa. Dodoma ina malaria kidogo kuliko mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa hiyo homa ya hapa yaweza kuwa nimonia au ugonjwa wa mkojo. Dawa ya malaria iliyobaki kabatini ni kubahatisha. Mtoto apimwe ndani ya saa 24.

Mengine hayangoji hata saa moja: mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea asiamke, anayepumua kwa shida, mwenye shingo ngumu, au aliyepata degedege.

Kuhusu degedege, bado wako wanaoamini kwamba huletwa na ndege au pepo, na kwamba sindano ya hospitali itamwua mtoto. Imani hiyo imezika watoto wengi. Degedege ni mshtuko wa mwili unaoletwa na homa, na wakati mwingine ni malaria iliyofika kwenye ubongo. Mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala maji kinywani, usimshike kwa nguvu. Kisha nenda, hata kama ametulia.

Kwa kujadili: Mama mgeni anasimama kanisani Sabato asubuhi na kuomba maombi kwa ajili ya mwanawe mwenye homa ya siku tatu. Mtoto yuko nyumbani na bibi yake. Darasa lenu litafanya nini kabla ya wimbo wa kufunga? Nani ana pikipiki, na nani ana nauli?