Ladha ya Sanaa na Mtihani wa Urafiki: Okot p'Bitek na Taban lo Liyong

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Marafiki hugombana kwa sababu ya mali, siasa au ndoa, na sababu hizo hueleweka upesi. Upo ugomvi mwingine unaodhaniwa kuwa mdogo, ilhali huacha jeraha: rafiki anapokidharau kile ambacho mwenzake anakienzi kuwa sanaa bora. Mjini Kisumu, mpenzi wa nyatiti anaweza kumwambia mwenzake kwamba benga ni kelele za baa, naye mwenzake akahisi kwamba aliyetukanwa ni marehemu baba yake aliyeupenda muziki huo. Makala haya yanadai kwamba ladha ya sanaa hutikisa urafiki kwa kuwa nyuma ya kila ladha mna imani kuhusu dhima ya sanaa, na kwamba wengi hubishania kazi bila kuitambua imani hiyo.

Okot na tamasha la Kisumu

Okot p'Bitek alichapisha Song of Lawino mwaka 1966 kupitia East African Publishing House ya Nairobi. Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kwa tafsiri ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino. Baada ya kuacha uongozi wa Kituo cha Taifa cha Utamaduni mjini Kampala, Okot alihamia Kisumu, na mwaka 1968 akaandaa huko tamasha la sanaa. Tamasha hilo linadhihirisha ladha yake. Kwake sanaa ilikuwa tendo la watu: wimbo huimbwa, ngoma huchezwa, na fanani hatengwi na hadhira yake. Hata Lawino, katika shairi lile refu, hasemi peke yake. Anawalalamikia watu wa ukoo wake.

Neno la Taban

Taban lo Liyong, kama Okot, alilelewa katika mazingira ya Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Alihitimu uandishi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1968, kisha akaja Nairobi. Katika miaka ya 1970 wote wawili walifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ladha ya Taban ilikuwa nyingine. Alipenda maandishi yanayoichokoza akili, yanayoruka kutoka wazo hadi wazo, na yanayochota Afrika na ng'ambo bila kuomba radhi.

Mwaka 1969 Taban alichapisha The Last Word kwa mchapishaji yuleyule wa Okot, na humo akaikosoa kazi ya mwenzake waziwazi. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba Kiingereza kiliipunguzia kazi hiyo uzito iliokuwa nao katika Kiacholi. Uhakiki wa mgeni hupuuzwa kwa urahisi. Wa mtu anayeijua lugha iliyokulea haupuuziki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Okot alifariki mwaka 1982. Mwaka 2001 Taban alitoa The Defence of Lawino, tafsiri yake mwenyewe kutoka Kiacholi, yenye sura ya 14 ambayo Okot hakuitia katika toleo lake la Kiingereza. Tendo hilo lina nyuso mbili. Ni pingamizi, kwa kuwa linadokeza kwamba mwenye kazi hakuitendea haki kazi yake. Ni heshima pia, kwani hakuna abebaye mzigo wa kutafsiri upya kitabu anachokidharau. Hata hivyo, aliyestahili kujibu hakuwapo tena.

Mfano wa ushairi wa Kiswahili

Katika ziwa hilohilo, upande wa Tanzania, ndiko kiliko kisiwa cha Ukerewe alikozaliwa Euphrase Kezilahabi. Diwani yake, Kichomi (1974), ilichochea mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko. Kwa wanamapokeo, vina na mizani havikuwa pambo bali urithi. Kwa wanamabadiliko, uhuru wa umbo ulikuwa njia ya kusema ukweli wa zama zao. Ndiyo maana kauli "hili si shairi" iliweza kusikika kama "wewe si mwenzetu".

Hitimisho

Mifano hii inafunza mambo mawili. Kwanza, kabla ya kuhukumu kazi anayoipenda rafiki, yafaa kumuuliza anataka sanaa imfanyie nini. Anayetaka ngoma ya kumkutanisha na watu hawezi kuridhishwa na kitabu cha kumkosesha usingizi, wala hilo si upungufu wa akili. Pili, uhakiki mkali utolewe mwenzako angali anaweza kujibu. Urafiki hauhitaji ladha moja. Unahitaji mjadala wenye pande mbili, na kifo hakingoji mjadala ukamilike.