Radi: Usijikinge Chini ya Mti
Kijitabu cha kaya za Isaka na vijiji jirani

Kwa nini tunawaandikia
Januari 2025, wilayani Bukombe, mkoani Geita, radi iliua wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda wakiwa shuleni. Walio nje wamo hatarini zaidi: mkulima, mchungaji, mchimbaji, fundi juu ya paa. Na kila msimu wa mvua kisa ni kile kile: mvua imeanza, mtu kakimbilia mwembe. Usijikinge chini ya mti.

Ukisikia ngurumo, acha kazi. Usingoje mvua.

Shambani na malishoni
Toka kwenye majaruba. Weka jembe chini. Usijikinge chini ya mti, hata mvua ikikulowesha, kulowa hakuui. Kibanda cha kulindia ndege si kinga. Waacheni ng'ombe, msijibanze katikati yao wala kushika uzio wa waya. Watoto wachungaji waambiwe haya kabla ya kutoka asubuhi.

Machimboni
Ondokeni kwenye mdomo wa duara, winchi na makarasha. Turubai juu ya miti halizuii radi. Aliye ndani ya duara asishike kamba wala waya.

Barabarani na bandari kavu
Dereva, kaa ndani ya lori, funga vioo. Utingo, usijifiche chini ya tela. Bodaboda, shuka, ingia nyumbani kwa watu. Usijikinge chini ya mti wa kijiweni.

Mahali pa kukimbilia
Nyumba iliyojengwa kwa kuta na milango, au gari lililofungwa lenye bodi ya chuma. Ukiwa ndani, kaa mbali na dirisha, bomba na vitu vilivyochomekwa kwenye umeme. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mtu akipigwa
Mguse. Mwili wake hauna umeme. Asipopumua, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri. Waliopigwa wakiwa wengi, anza na anayeonekana amekufa. Bado anaweza kuokoka. Asipelekwe kwa mganga kwanza. Hata aliyeinuka na kutembea apelekwe kituo cha afya.

Msimtafute mchawi
Radi haitumwi. Bibi wa jirani hana kosa, asiguswe.

Kwa mkuu wa kaya
Leo jioni muulize kila mmoja: ngurumo ikilia ukiwa kazini, utaingia nyumba ipi? Akijibu "chini ya mti", msomee tena.