Kaa Anayekula Gamba Lake

Somo letu lajibu swali moja: kisiwa kilichoangukiwa na vumbi la bomu hupimwaje, hata ijulikane kama chakula chake chafaa kuliwa?

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Visiwa vya Marshall, Bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilikuwa sawa na tani milioni 15 za baruti kali. Upepo ukachukua vumbi jeupe la matumbawe mpaka Rongelap, ambako watu walikuwa wakikaa. Siku mbili baadaye wakahamishwa, na mwaka 1957 wakarudishwa kwao.

Kupima hewa na udongo peke yake hakutoshi, maana sumu hiyo huingia pia kwa mdomo. Kwa hiyo wataalamu walikusanya samaki, ndege, na yule kaa mkubwa wa minazi apandaye miti, ambaye hupatikana pia kisiwani Chumbe, karibu na Unguja.

Kwanza nyama hutengwa na gamba. Sesiamu-137 hufanana na potasiamu, hivyo hukaa katika nyama. Mionzi yake hupenya, na chombo chaweza kuihesabu moja kwa moja. Strontiamu-90 hufanana na kalisiamu, madini yanayoimarisha mifupa, nayo hukaa katika gamba. Hii haitoi mionzi ya kupenya mbali. Basi gamba huchomwa likawa jivu, jivu huyeyushwa kwa asidi, strontiamu hutengwa, ndipo huhesabiwa.

Labda utadhani ya kuwa kaa akijivua gamba ameitupa sumu yake. Sivyo! Gamba lile hulila, apate madini ya kutengenezea gamba jipya. Strontiamu iliyotoka mgongoni yarudi tumboni. Nayo haiishi upesi: baada ya miaka 29 hivi, nusu yake ingali ipo.

Kwa sababu hiyo watu wa Rongelap walikatazwa kumla kaa huyo, ingawa alikuwa chakula chao tangu zamani. Walikuwa wamerudi nyumbani, lakini si vyote vya nyumbani walivyoweza kula. Mwaka 1985 wakaondoka tena, kwa kuhofia afya za watoto wao.

Basi, mtu atakaye kujua kama kisiwa kimepona, na aulize kila mnyama anakula nini, tena ni nani atakayemla yeye.