Vijana wanafunga, mpira hauzunguki

Swali: Katika timu yetu ya kikapu tuna vijana wawili wafungaji hodari, lakini kila mmoja hucheza peke yake. Tusajili nani?

Jibu: Msisajili mfungaji wa tatu, tafuteni warefu wanaojua kutoa pasi. Golden State Warriors, wakiwa na Stephen Curry na Klay Thompson, walishika mkia NBA kwa idadi ya pasi msimu wa 2013/14, wakashinda mechi 51. Msimu uliofuata walishinda 67 na kutwaa ubingwa. Mtasema kilichobadilika ni kocha, Steve Kerr, si kikosi. Kwa sehemu kubwa ni kweli, ila mfumo wake ulipitia mikononi mwa warefu wao, senta Andrew Bogut na Draymond Green, aliyeanza kupangwa David Lee alipoumia. Lee alikuwa mfungaji bora kuliko Green (hapo ndipo wasajili wengi hudanganyika), lakini Green alikuwa mwepesi wa kuamua. Curry akibanwa na wawili, mpira ulimfikia Green, na wapinzani wakabaki watatu dhidi ya wanne. Nayo hofu kwamba kijana akiachia mpira atadumaa haina mashiko: msimu huohuo Curry alitajwa Mchezaji Bora wa NBA. Fedha zikitosha mtu mmoja tu, chukueni senta mtoa pasi.