JUMATANO: Mifupa Iliyo Mbali na Kwao

Soma 2 Samweli 21:10-14. Rispa alifanya nini, naye Daudi akachukua hatua gani alipopata habari zake?

Wanaume saba wa nyumba ya Sauli walitundikwa mlimani, na wawili kati yao walikuwa wana wa Rispa. Hakuweza kuwashusha. Alitandika gunia mwambani, akawafukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mwanzo wa mavuno ya shayiri hadi mvua iliponyesha. Daudi aliposikia hakutuma rambirambi tu. Aliileta mifupa ya Sauli na Yonathani kutoka Yabesh-gileadi, akaikusanya na ya wale waliotundikwa, ikazikwa katika nchi ya Benyamini. Baada ya hayo Mungu akaisikia dua kwa ajili ya nchi.

Wameru, Waarusha na Wachaga hawahitaji kufafanuliwa sana kisa hiki. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga watu 19 huko Old Moshi, miongoni mwao Mangi Meli na Mangi Lobulu wa Meru. Familia ya Meli imesimulia miaka yote kwamba kichwa chake kilichukuliwa. Katika miaka hiyo mafuvu mengi ya Waafrika yalisafirishwa hadi Berlin, yakatiwa namba na kupimwa, ili kutafuta tofauti za watu kwa vipimo vya mifupa. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya huko ilitangaza kuwa imechunguza mafuvu 1,135 kutoka Afrika Mashariki, 202 yakiwa ya Tanzania ya leo. Vipimo vya vinasaba viliyaunganisha machache na ndugu walio hai. Mjukuu wa Meli naye alitoa sampuli yake. Babu yake hakupatikana.

Hapa Arusha, kwenye boma la Wajerumani ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, wageni huelezwa habari za mifupa ya kale ya Olduvai. (Mabishano juu ya umri wake ni ya somo jingine.) Lakini fuvu la mtu ambaye wajukuu wake wanalitaja jina lake ni jambo tofauti kabisa.

Soma Mhubiri 9:5 na Mwanzo 2:7. Kama wafu hawajui neno lolote, kwa nini kuihangaikia mifupa?

Swali hili huulizwa darasani, na mara nyingine kwa haraka mno. Ni kweli, marehemu haoni uchungu akiwa kabatini, wala ufufuo haumngojei mtu arudishwe kijijini kwake. Bwana atawaita hata walioteketea kwa moto. Lakini Biblia haifundishi kwamba mwili ni ganda ambalo roho imelivua. Mavumbi na pumzi ya Mungu ndivyo vilivyomfanya mtu kuwa nafsi hai. Kwa hiyo Yusufu aliagiza habari za mifupa yake, na Waebrania 11:22 huhesabu agizo hilo kuwa tendo la imani. Musa aliibeba (Kutoka 13:19), nayo ikazikwa Shekemu (Yoshua 24:32).

Mzee wa ukoo anayesubiri fuvu la babu yake anamwomba mchungaji wa Kiadventista aje kwenye mazishi litakaporudi. Anajua pia kwamba huenda baadhi ya ndugu watataka kuzungumza na marehemu. Mchungaji amjibu nini, na afanye nini siku hiyo?