UMEMWONA SHOFERE, LAKINI YEYE AMEKUONA?



Jioni moja ya kiangazi walituletea kwenye dispanseri mzee mmoja, baba ya mfanyakazi wa kwetu. Paja lake lilikuwa limevunjika. Mzee huyu miguu yake ilikosa nguvu tangu utoto juu ya ugonjwa wa polio, na anatembea kwa kinga ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono. Motokari ilimgonga alipokuwa anakata njia karibu na soko.

Shofere alikuja naye, akitetemeka. Alisema: «Sikuona mtu. Niliona kitu cha chini tu, nikafikiri ni gunia la makala.» Mzee naye akasema: «Mimi nilimwona tangu kule kwenye daraja, taa zake zilikuwa zinawaka sana. Nikajua naye amekwisha kuniona.»

Wote wawili walisema kweli. Usiku, taa mbili za motokari unaziona kutoka mbali sana, hata kilometa nzima kama njia imenyooka. Lakini taa zile hazimwonyeshi shofere kilometa nzima. Akiwasha taa za chini, mtu aliyevaa nguo nyeusi anamwona kwenye meta 30 hivi. Sasa tufanye hesabu. Motokari inayokwenda kilometa 60 kwa saa inapita karibu meta 17 kila sekunde. Sekunde moja inapotea mbele ya mguu wa shofere kufika kwenye freni. Kisha, hata njia ikiwa kavu na freni nzuri, motokari ndogo inahitaji tena meta 20 hivi mpaka isimame. Jumla ni karibu meta 40. Ameona kwa 30, anasimama kwa 40. Meta 10 zile zinazokosekana ndizo zilizovunja paja la mzee. Na kamio iliyojaa madini inataka meta nyingi zaidi.

Utasema: hii ni shida ya kila mwenye kinga. Ni kweli, lakini anayeketi chini ana shida mara mbili. Kichwa chake kinafika kwenye kifua cha mtu aliyesimama. Majani ya masika yanamficha, motokari iliyosimama kando ya njia inamficha. Mbele ya pua ya kamio kuna pahali ambapo shofere, juu kule alipokaa, haoni kitu cha chini hata kidogo. Kwa hiyo usipite karibu na pua ya kamio iliyosimama, hata kama unajua shofere amezima moto na anakunywa chai. Pale Kasumbalesa makamio yanapopanga mstari, moja inaweza kusogea wakati wowote.

Dawa ya kwanza ni bendera. Chukua fito la mwanzi, lifunge nyuma ya kiti, lifike meta 1,80 kutoka chini, yaani juu kuliko motokari ndogo. Juu yake funga kitambaa cha rangi ya machungwa au ya njano kali. Wengi wanapenda nyekundu. Mimi siipendi kwa kazi hii, sababu jua likianza kushuka jicho la mtu linapoteza rangi nyekundu mbele ya zingine.

Dawa ya pili ni jile ya kazi, lakini fahamu namna inavyofanya. Kitambaa chake cha rangi kali kinasaidia mchana. Usiku hakina nguvu. Usiku inafanya kazi mikanda yake ya fedha, inayorudisha mwangaza kule ulikotoka, pamoja na katafoti, vile vioo vyekundu vya plastiki. Mikanda hii inaonekana kwa zaidi ya meta 100. Jile iliyochakaa usiitupe: kata mikanda, uishone kwenye mgongo wa kiti na kwenye mikono ya koti. Mikono inayozunguka ikiendesha kinga inamwambia shofere upesi: huyu ni mtu, si gunia.

Lakini mikanda peke yake haitoshi mbele ya makamio. Mwangaza unarudi kwenye taa, na macho ya shofere wa kamio yako juu sana kupita taa zake. Sharti uwe na taa yako mwenyewe: nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Tochi ndogo inafaa, ikiwa mawe yake hayajachoka.

Na msukumaji? Hapa wengi tunakosea. Mtoto au ndugu anasukuma kinga kutoka nyuma, na mwili wake unafunika taa na katafoti yote. Basi anayesukuma ndiye avae jile.

Wakati wa kukata njia, kumbuka kwamba gurudumu lako la mbele linaingia njiani mbele ya macho yako. Ukitoka nyuma ya motokari iliyosimama, umekwisha kuweka gurudumu kwenye hatari na bado hujaona kitu. Msukumaji atangulie, aangalie pande zote mbili, kisha akuite. Kama uko peke yako, tafuta pahali palipo wazi, hata ikiwa ni mbali kidogo.

Tena kuna makamio ya Zambia, Tanzania na Afrika ya Kusini. Usukani wao uko kuume, na sisi hapa tunatembea kuume. Shofere akitaka kupita mwenzake aliye mbele, sharti atoe kwanza pua ya kamio kushoto ndipo aone. Ukiona makamio mawili yanafuatana yakikujia, shuka kwenye udongo mapema. Na vumbi la kiangazi likifunga njia, toka kando ungoje lishuke.

Neno moja la dispanseri. Mtu wa polio anasikia maumivu kama wewe na mimi. Lakini aliyeumia uti wa mgongo anaweza kuvunjika mguu bila kusikia kitu. Akianguka na kinga, usimwamini akisema «sina kitu». Angalia miguu yote miwili: imevimba? imepinda? ina joto? Ukiona hivyo, usimvute wala usimsimamishe. Funga mguu kwenye ubao kama ulivyo, umlete.

Mzee yule alirudi nyumbani baada ya miezi mitatu. Kijana wake aliomba vipande vya jile kwenye atelie na kufunga bendera ya machungwa. Mzee ananung'unika kwamba watoto wa mtaa wanamwita «Bwana Ambasadeur», lakini bendera hajaitoa.