Kofiteme: jinsi nilivyoacha kutuma linki ndefu kati ya Korogwe na Handeni

Nilikuwa stendi ya Korogwe, simu sikioni, namsomea mganga mfawidhi wa zahanati moja upande wa Handeni msimbo wa herufi 11. Gari la dawa lilikuwa linaunguruma pembeni, dereva ananiangalia kama mtu aliyekopwa. Mama yule alitakiwa afungue orodha ya zahanati ambazo dawa mseto zilizobaki hazifiki wiki 4, athibitishe idadi ya kwake, ndipo tupakie.

"E," nikasema.

"E ya embe au I ya Iringa?"

Nilikuwa nimeitamka Kizungu, yeye akasikia I. Tukaanza upya. M ya Mombo, kubwa. K ya Kabuku, ndogo. Sifuri, siyo O. Halafu kijiti kilichosimama peke yake, nami mwenyewe sikujua ni I kubwa, l ndogo au moja. Tulizunguka nusu ya mkoa wa Tanga kwa herufi, na skrini ikaendelea kumwambia hakuna kitu kama hicho. Dereva akazima gari. Dawa zilifika, ila saa mbili usiku.

Sasa nieleze tulifikaje hapo. Natunza kanzidata ya dawa na vipimo vya haraka vya malaria kwa zahanati za wilaya hizo mbili. Mfumo wa ripoti tuliuziwa na jamaa mmoja wa Dar es Salaam mwenye tai nzuri na maneno mazuri zaidi. Kila swali unalohifadhi, mfumo wake unalisokomeza lote ndani ya linki: majina ya safu, tarehe, masharti, mpaka rangi za grafu. Linki moja herufi zaidi ya 400. Meseji ya kawaida inabeba 160, kwa hiyo linki inakatwa vipande vitatu, na mtandao ukitaka unaleta cha tatu kwanza. Nilipompigia akaniambia ninunue moduli ya ziada. Sikununua.

Basi nikatengeneza misimbo yangu. Hatua ni nne, nitazipitia haraka. Ya kwanza: tengeneza jedwali moja, msimbo upande huu, swali lenyewe upande ule. Mimi natumia PostgreSQL, na sijaona sababu ya kulipia kitu kingine. Hifadhi swali, siyo jibu, ili anayefungua kesho apate hesabu ya kesho. Na swali likishapewa msimbo usiliguse tena. Ukibadilisha sharti, toa msimbo mpya, la sivyo aliyepewa wa zamani atasoma orodha nyingine akidhani ni ileile.

Ya pili ni kuchagua msimbo wenyewe, na hapa ndipo nilipopoteza mwaka.

Kwanza nilifuata wakubwa. Video za YouTube zina vitambulisho vya herufi 11. DHIS2, programu ya takwimu za afya iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumika hapa nchini, nayo inatumia 11, ya kwanza lazima iwe herufi, kubwa na ndogo zikichanganywa. Ni kazi nzuri, lakini ni ya mashine kusemezana na mashine, wala hakuna aliyekusudia isomwe kwa simu stendi. Mimi ndiye niliyeiga bila kufikiri.

Nikahamia mfumo wa Douglas Crockford, unaotumia tarakimu 10 na herufi 22, ukiziacha I, L, O na U. Tena ukiandika O kimakosa unaisoma kama sifuri, bila kukugombeza. Hilo la kutogombeza nililipenda sana, mtaliona tena chini. Ila E na A zimo. A ya Kiswahili ikipita kwenye simu mbovu, aliyesoma Kizungu anaandika R. Nilivumilia miezi mitatu.

Jibu nililipata nikimsikiliza mpwa wangu wa darasa la kwanza akiimba kazi yake ya nyumbani: ba, be, bi, bo, bu. Nikaacha chai. Hakuna Mswahili anayeuliza "bo" inaandikwaje! Tumepewa lugha ambayo silabi ikitamkwa imeshaandikwa, nasi tunahangaika na kijiti kisichojulikana ni I au l.

Wazo la misimbo inayotamkika si langu. Daniel Wilkerson alilipendekeza mwaka 2009 akaiita *proquint*, mafungu ya herufi tano tano. Lakini mafungu yake huishia na konsonanti, na mdomo wetu utaipachikia irabu tu, upende usipende. Tena ana l na r pamoja. Huyo hajawahi kusikia mtu akitangaza kula na kura kwa sauti moja.

Mimi nilikaa na orodha ya konsonanti nikazichuja kama mchele. R ikatoka kwa sababu ya l. P ikatoka kwa sababu ya b, v kwa sababu ya f, z kwa sababu ya s, n kwa sababu ya m. H ikatoka kwa kuwa wengine huimeza. W na y zikatoka maana zinayeyuka katikati ya irabu. Zikabaki b, d, f, g, j, k, l, m, s, t. Kumi, mara irabu tano, ni silabi 50. Silabi tatu zinatoa misimbo 125,000, na kwa wilaya mbili ni mingi kupita kiasi. Mtu akiandika r, programu inaisoma l. Akiandika p, inasomwa b. Kimyakimya.

Silabi ya nne ni ya ukaguzi. Zipe silabi namba kuanzia ba, 0, hadi tu, 49. Zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 7, jumlisha, gawa kwa 50, chukua baki. Ko ni 28, fi ni 12, te ni 46. Hiyo inatoa 28 na 36 na 322, jumla 386, baki 36, na 36 ni me. Kofiteme. Silabi moja yoyote ikikosewa, mfumo unajua papo hapo kwamba umesikia vibaya, badala ya kukuletea orodha ya watu wengine.

Msiache mashine ichague bila kuangaliwa. Wiki ya kwanza ilitoa msimbo ambao mama yule aliusoma kimoyomoyo, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, hili neno silitamki mbele ya wagonjwa." Nina orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku sasa, na kuiandaa kulihitaji ukimya mkubwa nyumbani. Pia weka kizuizi cha upekee kwenye safu ya msimbo: kwa misimbo 125,000, ukishahifadhi maswali 416 hivi, uwezekano wa mawili kugongana ni nusu kwa nusu. Ikigongana, chagua tena.

Hatua ya tatu na ya nne, ukweli ni moja: msimbo mfupi si nywila. Unatamkika, kwa hiyo unaweza kukisiwa. Msimbo ukitumwa kwa meseji, sisi tunajibu namba za simu zilizosajiliwa tu, kwa hesabu za jumla tu, bila jina la mgonjwa hata mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na haitakusikiliza ukijitetea kwamba msimbo wako ulikuwa mtamu kutamka.

Barabara ya Korogwe hadi Handeni ni kilometa 65 za lami, na sehemu nyingine simu inakoroma. Mwezi uliopita nilipiga nikiwa njiani, nikasema neno moja. Mama akacheka: "Kofi, halafu uteme?" Akalituma kwa kiswaswadu chake, jibu likarudi kabla sijakata simu. Ameliandika kwa kalamu ya wino ukutani, juu ya friji ya chanjo.